Daktari wa Jicho Moja na Unga wa Posho

  Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za akina Ibn Sina na al-Razi. Safari hii nimeombwa niandike kitu kinachohusu chakula, maana huu ndio mwezi ambao, ajabu ya Mungu, tunafunga mchana kutwa halafu usiku tunakula kushinda miezi mingine yote. Nikaona nikuletee mtu ambaye hakuwa Muislamu, alikuwa Mkristo tena wa kushika dini yake sana, na hakuwa mwenyeji wa huku. Lakini yaliyompa jina aliyajifunza kwa majirani zetu, ng'ambo tu ya Malaba, kwa kuwatazama watu wanaokula kama wanavyokula nyanya zetu kijijini. Jina lake Denis Burkitt.

Huenda umelisikia jina hilo hospitalini, kwa sababu kuna ugonjwa wa watoto unaoitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya maisha yake. Nusu ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo inayohusu sufuria yako ya futari. Usiniharakishe lakini, tuanze mwanzo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, na wakati wake wa mapumziko alikuwa na tabia ambayo majirani lazima waliiona ya kichekesho. Aliwafuatilia ndege wadogo wenye kifua chekundu bustanini kwake, akawavisha pete miguuni, akachora ramani ya mahali kila ndege anapoishi na mpaka wake na mwenzake. Kazi hiyo ikaja kumpa heshima kwa wataalamu wa ndege. Wewe ikumbuke hiyo ramani, maana mtoto aliirithi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana wakarushiana mawe. Jiwe likampiga Denis kwenye miwani, kioo kikavunjika, na jicho la kulia likapotea. Hebu fikiria mtoto wa jicho moja, na darasani hakuwa wa kusifika sana. Aliingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, mwaka 1929 kusoma uhandisi kama baba yake, akabadilisha njiani akaingia udaktari. Alimaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa. Sababu ni jicho. Ati daktari wa jicho moja atapasuaje watu porini?

Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea, jeshi halikuchagua sana. Likamchukua mwaka 1941, na ndivyo alivyokanyaga Kenya na Somalia mara ya kwanza akiwa na nguo za kijeshi. Mwaka 1946 akakubaliwa hatimaye, akapelekwa Uganda, katika mji wa Lira, wilaya ya Lango. Hospitali ndogo, daktari ni yeye, na eneo lenyewe kubwa mno.

Huko Lira jambo la kwanza lililomshangaza ni mabusha. Usicheke, ndugu yangu, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Wanaume wengi walikuja apasue mabusha, naye badala ya kupasua tu na kuendelea, akaanza kumuuliza kila mmoja ametoka kijiji gani. Akachora ramani. Akaona waliotoka mashariki mwa wilaya ndio wengi, na waliotoka magharibi ni wa kuhesabika. Baadaye ikajulikana ramani ile ilikuwa inafuata minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu. Kumbe daktari akiuliza swali dogo, la unatoka wapi, anaweza kuona kitu ambacho kisu hakionyeshi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, akamwita wodini akamtazame mtoto mmoja mwenye uvimbe wa taya, na uvimbe si upande mmoja, bali pembe zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Trowell naye mshike, tutamrudia. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa hospitali ya Jinja. Jinja unaijua, ukitoka Bungoma ukavuka Malaba, ni barabara hiyo hiyo ya kwenda Kampala. Akachungulia dirishani, akaona mama amekaa kwenye nyasi na mtoto aliyevimba uso vile vile. Mara moja ingekuwa bahati mbaya ya mtoto mmoja. Mara mbili ni jambo la kufuatiliwa. Akatoka mbio, akampima, akakuta mtoto ana uvimbe mwingine tumboni.

Aliporudi Mulago akafukua mafaili ya zamani. Akagundua kwamba madaktari walikuwa wakiwaona watoto hawa miaka yote, huyu akiandikiwa ugonjwa wa taya, yule wa figo, yule wa jicho, kumbe ni saratani moja. Aliandika makala yake mwaka 1958. Kisha akachapisha vikaratasi vyenye picha akavituma hospitali za Afrika nzima akiuliza: je, watoto kama hawa mnawaona? Majibu yakaja kwa posta, naye akachomeka pini kwenye ramani. Pini zikajikusanya kama mshipi katikati ya Afrika, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki.

Mkia ule ukamtesa akili. Unaishia wapi, na kwa nini? Basi mwezi Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva na Mkanada Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Walizunguka wiki 10, maili 10,000 hivi, wakapita hospitali zaidi ya 50. Williams alikuwa fundi wa gari kama alivyokuwa daktari, na bila yeye nadhani wangelala njiani.

Walichokipata kinakuhusu wewe wa Bungoma na wewe wa Kitale moja kwa moja. Ugonjwa ulikuwa wa mahali penye joto na mvua. Karibu na ikweta ukipanda juu ya kama futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, unapotea. Bungoma iko mita 1,400 hivi, na Kitale iko karibu mita 1,900. Yaani ukipanda matatu Bungoma asubuhi, kabla hujamaliza kusinzia umeshavuka mstari wa Burkitt. Sababu ya mstari ule ni mbu wa malaria, asiyependa baridi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, kwa kutumia uvimbe uliotumwa London kutoka Kampala, wakatangaza kirusi kinachoitwa hadi leo kwa majina ya wawili wa mwanzo. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho duniani. Ila mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga yake inashindwa kukidhibiti, na ndipo hatari inapoanza. Ndiyo maana nikisikia mzazi anasema malaria ya mtoto ni ya kawaida, itaisha tu, moyo unanishtuka. Mtoto akivimba taya au tumbo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt akajaribu dawa, na uvimbe mwingine uliyeyuka kwa siku chache. Wapo watoto waliopona kabisa. Saratani kuponywa kwa dawa tupu wakati huo lilikuwa jambo la kusimuliwa dunia nzima.

Mtu mwingine angestaafu hapo na sifa zake. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akaendelea na kazi ya baraza la utafiti wa tiba huko London. Mwaka 1967 akakutanishwa na mzee mmoja aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave. Wenzake walimwona Cleave kama mtu mwenye wazimu kidogo, kwa kuwa aliwalisha mabaharia waliofunga choo pumba za ngano. Hoja yake ilikuwa kwamba magonjwa mengi ya Wazungu chanzo chake ni kimoja, sukari nyeupe na unga mweupe.

Sasa angalia jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi. Wengine walimsikiliza Cleave wakaguna. Burkitt alikaa akajiuliza: mimi nimepasua watu Uganda karibu miaka 20. Kidole tumbo, ambacho Uingereza kila daktari anakitoa kila wiki, nilikitoa mara ngapi? Mara chache mno. Mawe ya nyongo? Nadra. Saratani ya utumbo mpana? Nadra. Bawasiri za kusumbua, mishipa ya miguu iliyovimba? Nadra. Trowell naye, aliyefanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30, alikuwa ameshaandika orodha yake ya magonjwa asiyoyaona kwa Waafrika wa vijijini, likiwemo la moyo. Wawili hawa wakaungana tena uzeeni.

Burkitt akarudia mchezo wake wa zamani. Kila mwezi alituma maswali kwa hospitali za mashambani, nyingi za misheni, Afrika na Asia: mwezi huu mmeona kidole tumbo wangapi, mawe ya nyongo wangapi? Jibu likawa lile lile. Wanaokula nafaka nzima, mboga, maharagwe na viazi, magonjwa haya kwao ni machache. Wanaohamia mjini na kula kizungu, yanaanza.

Hebu tuiangalie punje ya mahindi, maana hapa ndipo kwetu. Punje ina ganda la nje, ndilo pumba, lenye nyuzinyuzi. Ina kiini, yaani ile sehemu ndogo inayoota, yenye mafuta na vitamini nyingi. Na ina sehemu kubwa ya katikati ambayo ni wanga. Ukipeleka debe lako kwenye mashine ya posho likasagwa lote, umepata vyote vitatu. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita dona. Kiwanda kinachotengeneza unga mweupe wa pakiti huondoa ganda na kiini kwanza, kwa sababu unga bila mafuta ya kiini hukaa dukani muda mrefu bila kuchacha, na kwa sababu sisi wanunuzi tunapenda weupe. Pumba zinauzwa chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe wa Trans Nzoia anakula nyuzinyuzi, mwenye ng'ombe anafunga choo! Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini, na hilo ni jambo jema sana, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi.

Wallahi mimi naliona hili kuwa la ajabu. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mbegu chotara ya 611 mwaka 1964, mwaka ule ule wa kirusi cha Epstein, na mahindi ya Kitale yanalisha nchi. Halafu vijana wa Kitale hiyo hiyo tunaona haya kuwekewa ugali wa posho mbele ya wageni.

Kwetu jambo hili limewahi kuleta maneno. Nyanya alitoka Bungoma na gunia la unga wa posho aliousaga mwenyewe, akasema huo ndio utakaopikwa Ramadhan yote. Shangazi akasema hapana, watu wanakuja kufuturu, wataona tumefilisika. Ami, ambaye ana ugonjwa wa sukari na ndiye mwenye nyumba, alinyamaza. Nyanya akamuuliza: wewe daktari alikwambia ule upi? Ami akacheka akasema aliambiwa ule usiokobolewa, lakini kwa kiasi. Wakapika wa aina mbili, na nikaona wageni wazee wote wanaenda kwenye ule wa nyanya.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake, akiwemo Alec Walker wa Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya utafiti ambao sijui nikuelezeje kwa adabu katika gazeti la Ramadhan, ila elimu haina haya. Walipima choo. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha kila choo kikapimwa uzito na kupigwa picha kuona vipande vimetoka lini. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe walitoa gramu 104 tu, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80. Siku tatu na nusu! Burkitt alianza kuzunguka dunia akitoa mihadhara na kuonyesha picha za vinyesi mbele ya madaktari waliovaa tai, naye hakuona aibu hata kidogo. Kila alipopita aliuliza watu wanaenda chooni mara ngapi. Mwaka huo huo wa 1972 akaingizwa katika jumuiya ya kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1979 akaandika kingine cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kikauzwa sana.

Nyuzinyuzi zinafanyaje kazi? Hazimeng'enywi tumboni kama wanga. Nyingine zinashika maji kama sponji, choo kinakuwa laini na kikubwa, hakihitaji kusukumwa kwa nguvu. Nyingine zinaliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao wanatoa tindikali laini ambayo seli za utumbo hutumia kama chakula chake. Hili la pili lilikuja kueleweka vizuri baadaye.

Burkitt alikosea wapi? Tuseme kweli, maana huyu si nabii. Alikuwa mwepesi wa kuunganisha mambo. Watu wa kijijini hawakutofautiana na London kwa pumba tu: walitembea kutwa, hawakula nyama na mafuta mengi, wazee walikuwa wachache, na hospitali za mashambani huenda hazikuwa na vifaa vya kuona kila ugonjwa. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba kumwongezea mtu pumba au kumbadilishia chakula kwa miaka michache hakuzuii vivimbe vya utumbo kurudi. Wapinzani wakashangilia. Lakini mwaka 2003 utafiti mkubwa wa nchi za Ulaya ukaonyesha wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi, na mwaka 2019 wataalamu walioagizwa na Shirika la Afya Duniani walikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 kwa siku au zaidi wana nafuu kwenye magonjwa ya moyo, sukari na saratani hiyo. Kwa hiyo alipatia jambo kubwa, akakosea katika baadhi ya yale madogo.

Na wewe uliyeshawishika kukimbilia posho, kuna hadhari moja ambayo ni ya kufa na kupona. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile tunazozisifu. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na jirani zake watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi ya aina hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, ugali uive namna gani. Kausha mahindi mpaka yakauke kweli, yaweke mahali pasipo unyevu, na ukiona punje zina rangi ya ukungu, tupa. Usiseme ni israfu.

Sasa tuingie jikoni kwa wapikaji. Burkitt alishughulika zaidi na kinachoondolewa kabla chakula hakijafika motoni, lakini moto nao una mambo yake. Chukua sukuma wiki, managu au mrenda. Ukichemsha kwa maji mengi kisha ukamwaga yale maji, umemwaga vitamini C. Ukitia magadi au munyu ili mrenda ulainike, vitamini zingine nazo zinaharibika, kwa hiyo tia kidogo, na upike muda mfupi. Ukikaanga mboga kwa mafuta kidogo si vibaya, mafuta yanasaidia mwili kunyonya vitamini A. Lakini yale mafuta ya sambusa na bajia yanayotumika tangu mwezi mosi hadi mwezi kumi, yamekuwa meusi na yanatoa povu, hayo hayafai. Na mwaka 2002 wataalamu wa Sweden waligundua kwamba viazi na nafaka zikikaangwa au kuokwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 120 hutengeneza kemikali ya akrilamaidi, inayoshukiwa kuleta saratani, na kadiri chipsi zinavyozidi kuwa kahawia ndivyo inavyozidi. Kwa binadamu ushahidi bado haujatimia. Kitu cha kuchemsha hakina tatizo hilo, kwa sababu maji hayavuki nyuzi 100. Viazi vitamu vya kuchemsha na githeri, basi, vina faida mbili.

Na chai. Wakati ule wa kuchora ramani za saratani, ukanda wetu wa magharibi mwa Kenya ulionekana kuwa na saratani ya koo la chakula kuliko sehemu nyingi za Uganda. Sababu zake zinatajwa nyingi, pombe na tumbaku zikiwemo, na bado zinachunguzwa hadi leo. Moja iliyopata nguvu ni vinywaji vya moto sana: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Sasa mtazame mtu adhana ya magharibi ikilia, koo limekauka kutwa nzima, anamimina chai inayotokota na kuimeza bila hata kupuliza. Kula tende yako, kunywa maji, chai iache ipoe kidogo. Haikimbii.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa bado anazungumza habari ya pumba.

Miaka 22 baadaye, mwaka 2015, watafiti walifanya jaribio ambalo nadhani angelipenda. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakabadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, pamoja na uji mzito wa mahindi, na wanakijiji wakala nyama na vyakula vya mafuta vya Marekani. Wiki mbili tu, na dalili za hatari ya saratani kwenye utumbo zikabadilishana pia: kwa Wamarekani zikapungua, kwa wanakijiji zikapanda. Sehemu ya siri iko kwenye wanga wa mahindi wenyewe. Ugali ukishaiva kisha ukapoa, sehemu ya wanga wake hujifunga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, ikafika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko inafanya kazi kama nyuzinyuzi. Ukiupasha tena, sehemu ya wanga huo inabaki vile vile. Yaani ule ugali uliolala ambao nyanya anauwekea maziwa wakati wa daku, na sisi tunaukwepa tukitafuta mkate mweupe, ndio huo. Ufunikwe vizuri tu, uwekwe mahali pa baridi, usichache.